Gemu za mtandaoni kwa mtu mwenye ulemavu: namna ya kupata itakayokufaa

Jioni ukipita vijiweni Singida mjini, Kiomboi, Manyoni au Itigi, utakuta watu wameuzunguka ubao wa drafti, vizibo vya soda vikigongwa kwa kishindo. Pembeni yao vijana wameinamia simu, wanacheza mpira au gemu za kupigana. Kinachowavuta wote ni kilekile: kutaniana, kushinda, kushindwa na kudai marudiano.

Mtu asiyeona, kiziwi, au mwenye mikono isiyoshika vizuri mara nyingi huachwa pembeni. Hakuna anayemfukuza, ila hakuna pia anayemwambia, "Kaa hapa, zamu yako." Simu inaweza kumrudisha mchezoni, hata kama hawezi kufika kijiweni, lakini si kwa kila gemu. Wengi hupakua gemu inayosifiwa na wenzao, bando linaisha, gemu haichezeki, na wanaamua kwamba mambo haya si yao. Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua kabla hujamaliza bando.

Na mchezo si anasa ya kuombwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, una ibara nzima, ya 30, inayohusu utamaduni, burudani na michezo. Mwaka uliofuata nchi yetu ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010.

Usianze kwa kuuliza gemu ipi ni nzuri

Swali la kwanza ni hili: gemu inadai nini kwenye mwili wa mchezaji? Karibu kila gemu ya kucheza na wenzako hudai mambo manne, kwa viwango tofauti.

La kwanza ni jicho. Je, lazima uone kinachotembea kwenye kioo, au inatosha kusomewa maandishi?

La pili ni sikio. Je, lazima usikie hatua za adui au maelekezo ya wenzako, au kila kitu kinaonekana kwa maandishi na alama?

La tatu ni mkono. Je, unahitaji vidole gumba viwili kwa wakati mmoja, au kidole kimoja kinatosha?

La nne ni kasi. Je, ukichelewa nusu sekunde umekufa, au una dakika, saa, hata siku za kufikiri?

Chukua gemu za mpira wa miguu za kwenye simu. Zinadai jicho, kasi na vidole viwili. Kiziwi anaweza kuzicheza vizuri kabisa, lakini asiyeona zitamshinda. Gemu za kupigana risasi kama PUBG Mobile na Free Fire zinadai hivyo vyote, na zinaongeza sikio, kwa sababu wachezaji wa timu moja huelekezana kwa sauti. Drafti, sataranji na ludo za kupokezana zamu hazidai kasi kubwa wala vidole vingi. Kwa hiyo mtu mwenye ulemavu anayeanza, aanze na gemu za zamu. Akishazoea atajaribu nyingine.

Kama huoni kabisa

Simu nyingi za Android zina programu ya TalkBack, inayosoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye kioo. Ipo ndani ya mipangilio, sehemu ya Ufikivu. Simu iliyowekwa Kiingereza huandika Accessibility. Kama simu yako ndogo haina, pakua bure Android Accessibility Suite kutoka Play Store. Sauti ya Google ya kusoma maandishi inajua Kiswahili, ila gemu ikiwa ya Kiingereza ni afadhali ubadilishe sauti iwe ya Kiingereza, la sivyo maneno yatasomwa ovyo.

Anayekusaidia kuiwasha ajue jambo moja: TalkBack ikiwaka, simu hubadilika tabia. Kugusa mara moja kunasoma tu, kugusa mara mbili haraka ndiko kunafungua, na kusogeza ukurasa kunahitaji vidole viwili. Watu wengi huogopa hapo wakidhani simu imeharibika. Kwenye simu nyingi ukibana vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde kadhaa, TalkBack huwaka au kuzimika. Tangu 2020 TalkBack ina pia kibodi ya nukta nundu juu ya kioo, na walioisoma nukta nundu shuleni, mathalani Ikungi Mchanganyiko, wanaweza kuona kuandika kwa njia hiyo ni kwepesi zaidi.

Tatizo ni kwamba gemu nyingi zimechorwa kama picha tupu. TalkBack haiwezi kusoma picha isiyo na maandishi, kwa hiyo inanyamaza. Gemu ya namna hiyo usiipotezee muda, hata ikisifiwa vipi.

Gemu moja inayofanya kazi vizuri ni sataranji, au chesi, kwenye tovuti ya Lichess. Ni ya bure, haina matangazo, na huendeshwa na shirika lisilo la faida lililosajiliwa Ufaransa. Ukiifungua kwenye kivinjari huku TalkBack ikiwaka, mwanzoni mwa ukurasa utasikia kiungo cha kuwasha hali ya wasioona. Ukiiwasha, ubao wa picha unageuka kuwa maandishi. Hatua unaiandika kwa kutaja nyumba, kwa mfano e4, na ya mpinzani unasomewa. Ukiandika herufi l unasomewa hatua ya mwisho. Ukiandika c unasomewa saa.

Faida nyingine ya Lichess inawafaa hasa watu wa vijijini. Unaweza kuchagua mchezo wa siku, ambapo kila mchezaji ana siku 1 hadi 14 za kucheza hatua moja. Mtandao ukikatika Mkalama leo, utacheza kesho ukienda gulioni. Simu ikiisha chaji hupotezi mchezo. Na kwa kuwa kinachosafiri ni hatua moja fupi, bando hutumika kidogo, wakati gemu kubwa za kupigana zinaweza kula mamia ya MB kabla hata hujaanza.

Wasioona hawajaanza sataranji jana. Chama cha kimataifa cha wachezaji wasioona kipo kwa miongo mingi. Hutumia ubao wenye matundu, nyumba nyeusi zikiwa zimeinuka kidogo ili zitambulike kwa vidole, na kila mchezaji hutamka hatua yake kwa sauti. Mwaka 2023 shirikisho la sataranji duniani, FIDE, lilifanya mjini Belgrade, Serbia, olimpiki ya kwanza ya sataranji ya watu wenye ulemavu.

Kama unaona kidogo

Hapa wamo watu wengi wenye ualbino, wazee, na wengine wenye uoni hafifu. Huenda huhitaji kusomewa, unahitaji kukuziwa. Kwenye Ufikivu kuna ukuzaji wa kioo: ukiwasha njia ya kugusa mara tatu, sehemu unayoitaka inakuwa kubwa. Kuna pia kubadili rangi kwa wanaochanganya nyekundu na kijani, jambo linalosumbua sana kwenye ludo. Ndani ya gemu, tafuta kama unaweza kubadili rangi ya ubao na kete. Cheza kivulini, maana jua la mchana hufuta kila kitu kwenye kioo.

Kama ni kiziwi

Gemu nyingi ziko wazi kwako kuliko unavyoambiwa. Mpira, ludo, drafti na mbio za magari hazihitaji sikio. Ugumu upo kwenye gemu za timu, wenzako wakizungumza kwa sauti nawe husikii onyo. Tafuta gemu yenye ujumbe mfupi ulioandikwa tayari, kama "nisaidie" au "rudi nyuma", unaotumwa kwa kugusa. Baadhi huonyesha sauti kwa alama: Fortnite, kwa mfano, ina mpangilio unaochora kwenye kioo upande ambao milio na hatua zinatokea, ingawa inataka simu yenye nguvu.

Njia rahisi zaidi ni kuunda timu yenu. Viziwi wanne wanaofahamiana wanaweza kupanga mbinu kabla ya mchezo kwa lugha ya alama, kwa simu ya video au wakiwa wamekaa pamoja. Timu hiyo haina wa kumlaumu mwenzake kwamba hakusikia.

Kama mikono haishiki vizuri

Iweke simu mezani au kwenye kishikio badala ya kuishika. Ongeza muda wa mguso kwenye Ufikivu ili simu isichukue mtetemeko wa kidole kuwa amri. Kwa anayeweza kubonyeza kitufe kimoja tu, Android ina Switch Access: simu hupita juu ya vitu kimoja baada ya kingine, nawe unabonyeza ikifika unapotaka. Kwenye simu mpya, hata kufumbua mdomo au kuinua nyusi mbele ya kamera kunaweza kuwa kitufe. Njia hizi ni za polepole, kwa hiyo gemu za zamu zinafaa kuliko za kasi.

Lakini usimwekee mtu mpaka kabla hajajaribu. Mmarekani Mike Begum, aliyejulikana kama BrolyLegs na kufariki 2023, alizaliwa na viungo vilivyokakamaa. Alicheza Street Fighter, gemu ya kasi ya kupigana, kwa kuendesha kidhibiti kwa mdomo na uso, na akawafunga watu wenye mikono yote miwili duniani kote.

Kama una simu ya kitochi tu

Mchezo wa mbali hauhitaji intaneti kila mara. Zamani watu walicheza sataranji kwa barua, hatua moja kwa barua moja. Leo SMS inatosha. Kwenye drafti ya nyumba 64, zipeni namba nyumba 32 zinazochezewa, kuanzia 1 hadi 32, na kila mmoja awe na ubao wake nyumbani. Ujumbe wa "11 kwenda 15" ni hatua kamili. Asiyeona atengenezewe ubao ambao nyumba zinatambulika kwa kupapasa, na hatua mpigiane au msomewe. Kubalianeni mapema sheria za kula na za kingi, kwa sababu kila kijiwe kina zake.

Jaribio la dakika kumi kabla ya kupakua

Kwanza, angalia ukubwa wa gemu kwenye Play Store na ulinganishe na bando na nafasi iliyobaki kwenye simu.

Pili, soma maoni ya wachezaji. Tafuta maneno kama TalkBack au blind. Wachezaji wasioona huandika wazi kama gemu inasomeka.

Tatu, ukishaifungua, jaribu mwenyewe mambo matatu bila kushikiwa simu: kuanza mchezo, kucheza hatua moja, na kutoka. Kama moja limeshindikana hata baada ya kurekebisha mipangilio, ifute.

Nne, cheza kwanza na mtu unayemfahamu. Lichess, kwa mfano, inakupa kiungo cha mwaliko unachoweza kumtumia rafiki kwa WhatsApp. Kushindwa na rafiki kuna mafunzo. Kutukanwa na mgeni siku ya kwanza kunakatisha tamaa.

Fedha na usalama

Gemu nyingi za bure huuza vitu ndani yake: almasi, nguo, silaha. Kama anayecheza ni mtoto, au mtu anayetegemea mwenzake kusoma kioo, hakikisha malipo ya simu hayapiti bila namba ya siri. Namba hiyo asipewe mtu, hata anayejitolea "kukusaidia kununua". Gemu inayokutaka uweke pesa ili ushinde pesa ni kamari, hata ikipambwa kwa katuni.

Huna wajibu wa kumwambia mpinzani usiyemjua kwamba una ulemavu. Wengine hufurahia kwamba mtandaoni wanapimwa kwa mchezo wao tu. Wengine huamua kusema ili wapewe muda zaidi. Uamuzi ni wako. Picha, mahali unapoishi na namba ya simu usimpe mgeni.

Kwa ndugu na marafiki

Msaada mkubwa ni wa siku ya kwanza: kuwasha mipangilio, kueleza ubao, kuweka vipimo vya kioo. Baada ya hapo mwachie simu. Usimchezee hatua zake, na usimwachie ashinde kwa kumhurumia, kwa sababu atajua. Mchezaji anataka mpinzani wa kweli. Kama unacheza drafti au sataranji, mwambie leo mkubaliane siku na muda, umtumie mwaliko, na mcheze. Akikufunga, dai marudiano kama ungemdai mtu mwingine yeyote pale kijiweni.