Maharage Mekundu katika Sufuria ya Umeme ya Kupikia Polepole

Maharage mekundu yaliyoungwa kwa nazi bila nyama yana protini, madini ya chuma na nyuzinyuzi kwa wingi. Hata hivyo, yakiwa mabichi au yakipikwa nusunusu huwa na lektini iitwayo fitohemaglutinini, ambayo hunata kwenye ukuta wa utumbo na kuudhuru. Punje nne au tano tu zaweza kumletea mtu kichefuchefu, matapishi makali na kuhara ndani ya saa moja hadi tatu. Wengi hupona siku hiyo hiyo, wala hawayashuku maharage.

Juu ya jiko la mkaa hatari hii ni ndogo, kwa kuwa chungu hutokota. Katika sufuria ya umeme ya kupikia polepole, joto huenda lisizidi nyuzi 75 za Selsiasi hata baada ya saa nyingi; na joto la nyuzi 80 laweza hata kuiongezea sumu hiyo nguvu mara tano. Maharage hulainika, nayo sumu ingalimo.

Yapasa kwanza yarowekwe kwa saa tano au zaidi, maji yamwagwe, kisha yachemshwe jikoni katika maji mapya yanayotokota kwa dakika 30. Dakika 10 huiharibu lektini, lakini muda wa ziada huhakikisha joto limefika kiini cha kila punje. Ndipo yahamishiwe kwenye sufuria ya umeme pamoja na kitunguu, karoti na tui. Nyanya na ndimu hungoja mwisho, maana uchachu huchelewesha kulainika. Maharage ya kopo yamekwisha kuchemshwa kiwandani.