Je, Wajua? Gari la Kabureta Linapozimika Njiani

Lita moja ya petroli hula tenki zima la hewa
Ili lita moja ya petroli iungue sawasawa, injini huvuta takribani lita 10,000 za hewa, yaani ujazo wa lile tenki kubwa jeusi la maji unaloliona kwenye uwanja wa shule. Kabureta hupima mchanganyiko huo bila kompyuta, kwa vitundu tu, na kile cha silensa (injini inapounguruma taratibu bila kukanyaga mafuta) hakifiki hata milimita moja. Punje ya uchafu ikikwama humo, gari litakwenda vizuri barabarani, halafu lizime ukiachia mafuta pale stendi ya Bariadi. Bodaboda nyingi zina ugonjwa huohuo.

Mfuniko wa tenki unaweza kuzima injini
Hili ndilo jambo ninalolipenda kuliko yote. Petroli ikipungua kwenye tenki, lazima hewa iingie kuchukua nafasi yake, na kwenye magari mengi ya zamani hupitia kitundu kidogo cha mfuniko. Vumbi la kiangazi likikiziba, tenki hubaki likivuta kwa ndani, pampu inashindwa, gari linakohoa na kuzima. Ukikaa pembeni dakika chache, hewa inapenya taratibu, linawaka tena, unasifu dua zako. Kilomita kadhaa mbele, yaleyale! Kipimo chake hakigharimu hata shilingi: mara tu linapozima, fungua mfuniko usikilize. Ukisikia “psss”, usinunue pampu mpya, safisha mfuniko.

Namna linavyozima ni nusu ya jibu
Likikata ghafla, anza kushuku umeme. Likikohoa na kuishiwa nguvu kwanza, shuku mafuta. Umeme wenyewe si mchezo: koili hupokea volti 12 na kutoa zaidi ya 15,000, na injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huhitaji cheche 100 kila sekunde.

Petroli huchemka mapema
Sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye nyuzi 40 hivi. Bomba likipita karibu na injini ya moto, petroli hugeuka mvuke na pampu haina cha kusukuma. Ndiyo maana madereva wa zamani hufunga kitambaa kibichi kwenye pampu, na gari linawaka.

Barafu ndani ya injini?
Naam. Petroli inapogeuka mvuke hupoza kabureta kiasi kwamba unyevu wa hewa unaweza kuganda humo hata siku ya nyuzi 20. Marubani wa ndege ndogo wanaijua vizuri hatari hiyo.

Ukipanda kutoka Lamadi hadi Bariadi, hewa inapungua
Ziwa Victoria, lililo jirani na Lamadi, tayari liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Bariadi iko juu zaidi. Hewa ya Bariadi ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kabureta iliyosetiwa pwani, ikifika huku, humwaga petroli kupita kiasi: plagi zinakuwa nyeusi kwa masizi na silensa inayumba.

Peugeot iliyoikwepa kabureta
Bert Shankland na Chris Rothwell, wakitokea Tanzania, walishinda mashindano ya magari ya Safari Rally mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Gari lao lilikuwa la sindano za mafuta. Kabureta halikuwa nayo kabisa.