Moto wa Msituni na Shule: Wajibu wa Mwalimu wa Darasa

Yapo mawazo yaliyoenea kwamba kuilinda shule na moto ni kazi ya mwalimu mkuu na kikosi cha zimamoto, na kwamba mwalimu wa darasa hana la kufanya ila kungoja amri. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo imo mikononi mwa mwalimu wa darasa: kabla ya moto, wakati wa moto, na kwa miaka kadhaa baada ya moto kuzimika.

Tuanze na mfano. Asubuhi ya tarehe 8 Novemba, 2018, moto ulizuka milimani karibu na mji wa Paradise, jimbo la California, nchini Marekani. Ulianzia kwenye njia ya umeme mkubwa iliyokuwa na kifaa kilichochakaa. Mvua zilikuwa zimechelewa, majani yamekauka, na upepo ulivuma kwa nguvu. Upepo huo ulizirusha cheche mbali mbele ya moto wenyewe, zikaanguka juu ya mapaa na nyuani na kuziwasha nyumba. Ilipofika yapata saa 2 asubuhi, wakati watoto wakiingia madarasani, mji ulikuwa tayari hatarini. Watu 85 walipoteza maisha, na majengo zaidi ya 18,000 yaliteketea.

Katika shule ya msingi ya Ponderosa, watoto 22 ambao wazazi wao hawakuweza kuwafikia walipandishwa katika basi la shule pamoja na walimu wawili. Barabara zilijaa magari, moshi ukaigeuza asubuhi kuwa usiku, na safari ikachukua kama saa tano. Je, walimu wale walifanya nini? Waliandika orodha ya majina ya watoto wote. Watoto wakubwa waliketishwa pamoja na wadogo ili wawatulize. Dereva alivua shati lake, likachanwa vipande na kuloweshwa maji, watoto wakajifunika pua. Wote walifika salama. Yafaa tuongeze kwamba kitambaa chenye maji huleta nafuu kidogo tu. Chembe ndogo za moshi hupenya, hivyo kinga ya kweli ni kuondoka mapema.

Mambo hayo yote hayakuhitaji vifaa vya gharama. Yalihitaji mtu anayewajua watoto na anayejua idadi yao. Kwa hiyo matayarisho yetu yaanzie hapo.

Kwanza, daftari la mahudhurio. Wapo wanaoliona kama karatasi ya kumridhisha mkaguzi. Siku ya hatari daftari hilo ndilo litakalotuambia nani ametoka na nani amebaki. Liandikwe kila asubuhi bila kukosa, na mwalimu atoke nalo mkononi. Pamoja nalo iwepo orodha ya namba za simu za wazazi, majina ya jamaa wanaoruhusiwa kumchukua mtoto, na majina ya watoto wenye pumu au ulemavu wanaohitaji msaada. Nakala moja ihifadhiwe nje ya shule.

Pili, mazoezi ya kutoka darasani. Mlio wa hatari usifanane na kengele ya mapumziko. Kila darasa liwe na njia mbili za kutokea na mahali pa kukusanyika penye udongo mtupu, mbali na nyasi na miti. Njia mbili zatakiwa kwa sababu moja yaweza kuzibwa na moto wenyewe. Zoezi lirudiwe mpaka mtoto wa darasa la kwanza alifanye pasipo woga.

Tatu, mazingira ya shule. Sheria ya California huwataka wenye majengo yaliyo katika maeneo ya hatari kusafisha eneo la kama mita 30 kuyazunguka. Wataalamu huongeza kwamba mita 1.5 za mwanzo kutoka ukutani zisiwe na kitu chochote kinachoshika moto. Shule zetu nyingi zimepakana na mapori ambako nyasi huchomwa wakati wa kiangazi, kwa hiyo kanuni hii inatuhusu. Kuni za jikoni zisirundikwe ukutani, majani makavu yaondolewe mapaani, na nyasi zifyekwe kabla ya kiangazi kupamba.

Sasa tutazame kipindi cha baada ya moto. Wanafunzi wa Paradise walianza tena masomo mapema Desemba, chini ya mwezi mmoja tangu moto, katika majengo ya kuazima, mengine yakiwa ya biashara katika mji jirani wa Chico. Majengo yalikuwa mageni, lakini walimu na wenzao walikuwa wale wale. Utaratibu unaojulikana humrudishia mtoto utulivu. Hata hivyo, haraka hiyo isiwatie watoto hatarini. Majivu ya nyumba zilizoungua huweza kuwa na sumu. Watoto wasitumwe kuyazoa wala kuyafagia makavu. Maji nayo yapimwe kabla ya kunywewa, kwani huko Paradise mabomba yalipatikana na sumu ya benzini baada ya moto.

Jeraha la masomo huchelewa kuonekana. Katika jimbo la Victoria, nchini Australia, moto wa tarehe 7 Februari, 2009, uliua watu 173. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba watoto wa shule zilizoathirika zaidi waliendelea polepole kuliko wenzao katika kusoma na hesabu, miaka kadhaa baada ya moto. Basi mtoto wa namna hiyo akizubaa darasani, tusiharakishe kumwita mvivu. Tumpe kazi fupi, tumrudie mara kwa mara, wala tusimlazimishe kusimulia yaliyomkuta mbele ya darasa.

Somo lenyewe la moto laweza kuwa dawa. Shule ya msingi ya Strathewen, iliyoteketea katika moto huo wa Victoria na kujengwa upya, iliwakutanisha wanafunzi wa madarasa ya juu na wazimamoto wa kujitolea. Watoto walijifunza tabia ya moto, upepo na ukavu wa majani, kisha wakatengeneza filamu ya vinyago vya udongo kuwaelimisha wengine. Nasi twaweza kufanya hivyo kwa vifaa vya kawaida. Katika hesabu, wanafunzi wapime mita 30 kuzunguka darasa. Katika sayansi, wachunguze upepo na nyasi. Katika Kiswahili, waandike barua ya kuiomba serikali ya kijiji isaidie kufyeka.

Tunawashauri walimu wanafunzi wanaokwenda mazoezini wafanye jambo moja katika juma la kwanza: wajifunze majina ya watoto wote wa darasa lao, kisha wawatoe nje mara moja, wawahesabu, na kuwarudisha. Zoezi hilo halizidi dakika kumi. Siku ya moto hakutakuwa na nafasi ya kujifunza majina.