Safari ya Msimbazi na Jangwani Huanzia Mpanda

Tawi la mashabiki wa Mpanda likiamua kwenda Dar es Salaam, kikao cha kwanza huwa cha nauli, cha pili cha mechi, na cha tatu cha jezi za kuvaa siku ya kuondoka. Habari ya makumbusho huzuka njiani: "Tukifika tupite klabuni tukaone makombe." Ndiyo maana wengi hurudi na picha moja tu, kundi zima limesimama mbele ya geti. Kwa sisi tunaofanya kazi za makumbusho hilo halishangazi. Ziara ya namna hii hufaulu au huharibika kabla watu hawajaondoka stendi.

Kwanza mjue mnakwenda mahali gani. Klabu kubwa za Ulaya zimeifanya historia yao kuwa shughuli kamili. Barcelona walifungua makumbusho yao Camp Nou mwaka 1984. Manchester United walifuata mwaka 1986 pale Old Trafford, na yalipohamishiwa upande mwingine wa uwanja mwaka 1998 aliyeyafungua alikuwa Pelé. Benfica wa Lisbon wana yao tangu 2013. Huko kuna dirisha la tiketi, saa za kufungua na duka mlangoni pa kutokea. Mwenye ndugu Uingereza anayemwalika akumbuke mawili tu: tiketi inunuliwe mapema kwa intaneti, na siku ya mechi mizunguko ya kutembezwa uwanjani husimamishwa. Anayeelekea Barcelona aulize kwanza, maana Camp Nou imekuwa kwenye ukarabati mkubwa tangu 2023.

Dar es Salaam mambo ni mengine. Yanga, walioanza mwaka 1935, wana jengo lao Jangwani. Simba, walioanza mwaka mmoja baadaye na kuitwa Sunderland hadi 1971, wana lao Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Kutoka kwa mtani mmoja hadi kwa mwingine unakwenda kwa miguu. Ni majengo ya klabu, yenye wanachama na mabishano yake, hayakujengwa kwa ajili ya kupokea watalii. Mgeni huingia kwa miadi, na miadi ya mtu wa mkoani hupitia kwenye tawi. Mwenyekiti aandike barua ya utambulisho, ipigwe muhuri, itaje idadi ya watu na tarehe mbili za kuchagua. Kisha itaje mnataka kuona nini, na hapo ndipo barua nyingi hupwaya. "Tunaomba kutembelea klabu" ni ombi ambalo karani hana la kulifanya zaidi ya kuliweka kwenye faili. "Tunaomba kuona kumbukumbu za ubingwa wa Afrika Mashariki na Kati wa 1975 na picha za kikosi kilichocheza fainali Zanzibar" ni ombi linalomfanya mtu ainuke kutafuta ufunguo. Pigeni simu pia mjue watendaji wanakaa ofisi gani kwa wakati huo. Jengo la kihistoria si lazima liwe ndilo analoshinda katibu.

Nimetaja 1975 kwa makusudi. Mashindano ya klabu bingwa ya ukanda huu yalianza mwaka 1974 na Simba wakawa mabingwa wa kwanza. Mwaka uliofuata watani walikutana fainali Zanzibar, Yanga wakashinda 2-0. Shabiki wa upande wowote akienda na miaka hiyo miwili kichwani tayari ana jambo la kuulizia, na anayempokea ataona kuwa hakuja kupiga picha tu.

Sasa kombe lenyewe. Ukiletwa mbele yake usianze na urefu wala mng'aro wake. Inama utazame kitako. Huko ndiko vilipo vibao vidogo vya chuma vilivyochongwa maandishi: jina la mashindano kama lilivyoitwa mwaka huo, mfadhili, pengine na jina la duka lililolitengeneza. Kibao kikiwa kimeng'oka utaona matundu ya misumari au doa la gundi, na hapo una haki ya kuuliza kilikwenda wapi. Kisha tazama mikono ya kombe. Mahali palipokamatwa sana mchovyo wa fedha huisha, shaba ya njano ikaanza kuchungulia. Ubavuni tafuta vibonyeo. Kombe lililopokewa uwanja wa ndege, likapandishwa juu ya lori na kupitishwa mikononi mwa umati hadi Kariakoo halifiki bila jeraha. Kama halina hata mkwaruzo, uliza kwa adabu kama ni lenyewe au ni nakala.

Kuuliza hivyo si kumvunjia mtu heshima. Katika mpira nakala ni jambo la kawaida. Timu ya taifa inayotwaa Kombe la Dunia hupewa nakala ya shaba iliyochovywa dhahabu, lenyewe likabaki FIFA. Kombe la klabu bingwa Ulaya kwa miaka mingi lilikuwa na kanuni yake: klabu iliyolitwaa mara tatu mfululizo au mara tano kwa jumla ililichukua moja kwa moja. Ndiyo sababu Liverpool, waliolitwaa kwa mara ya tano mwaka 2005 kule Istanbul, wanalo lile walilokabidhiwa usiku ule, na wengi wengine wanaonyesha nakala. Anayejua kanuni hiyo huliangalia kabati la Anfield kwa jicho jingine.

Na majina ya wafadhili yasiwachekeshe mno. Kuanzia 1926 hadi 1966 timu za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ziligombea Kombe la Gossage, na Gossage lilikuwa jina la watengenezaji wa sabuni. Babu zetu walivunjana miguu kwa ajili ya sabuni miongo mingi kabla ya kampuni za simu na za kubashiri kuja kujiandika vifuani mwa wachezaji.

Hata hivyo kombe ndicho kitu kinachosema machache kuliko vyote vilivyomo ndani ya makumbusho ya klabu. Linasema nani alishinda, jambo ambalo shabiki alilijua tangu Mpanda. Kilicho adimu ni habari ya jinsi ushindi ulivyopokewa, na hiyo haikai kabatini.

Chukua tarehe 19 Julai 1977. Simba waliifunga Yanga 6-0, Abdallah Kibadeni akafunga matatu peke yake, na mpaka leo tarehe hiyo haitajwi mbele ya mtu wa Yanga bila ugomvi mdogo. (Watu wa Yanga nao wana 5-0 yao ya Juni 1968, na 5-1 ya Novemba 2023.) Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Mechi za zama hizo nchi nzima ilizipata kwa sauti ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na baadaye kwa gazeti lililofika limechelewa. Maana yake ni kwamba mtu wa Mpanda aliyekuwa na redio hakupungukiwa sana na mtu wa Temeke aliyekosa tiketi. Wote wawili walisikia. Mzee wa Kashaulili, Mpanda, aliyesikiliza mpira ule ni shahidi kamili wa historia ya klabu, na hakuna kabati la Kariakoo lenye ushahidi wake.

Basi kabla ya safari, tawi litafute wazee wa namna hiyo, wa timu zote mbili ikiwezekana, likawarekodi kwa simu. Kazi hii ina ufundi wake. Ukimwanza mzee kwa "nani alifunga la tatu?" utapata jibu ambalo lipo vitabuni, tena pengine amelikosea, naye ataona aibu na kunyamaza. Mwanze kwa "redio ilikuwa ya nani?" Hapo atakutajia nyumba, atakutajia waliokaa ndani na waliosimama dirishani, atakueleza betri zilivyoanikwa juani mchana ili zidumu dakika tisini, na nani alinuna wiki nzima. Acha simu irekodi hata anaponyamaza. Mwishoni aseme mwenyewe jina lake, mwaka wa kuzaliwa na kama anaruhusu sauti yake isikilizwe na wengine. Bila ruhusa hiyo rekodi haifai kwa makumbusho yoyote yenye utaratibu.

Wakati wa kwenda. Watu wengi wa mikoani hulenga Siku ya Simba, ambayo tangu 2009 huadhimishwa karibu na tarehe 8 Agosti, au sherehe za Wiki ya Mwananchi za upande wa pili. Kwa furaha ni wakati mzuri, kwa makumbusho ni wakati mbaya kuliko wote: kila mtendaji anakimbia, na makombe yenyewe huenda yamepelekwa uwanjani. Julai nayo ni mwezi wa usajili, usitegemee mtu akuonyeshe albamu ya 1968 huku simu ya wakala inaita. Mimi ningechagua Juni, ligi ikiwa imekwisha. Kwa Katavi mwezi huo una faida nyingine, mvua zimekatika na fedha ya mavuno imeanza kuingia.

Mvua si jambo dogo kwa anayetegemea reli. Njia ya Mpanda ni tawi la kilomita 210 linalotoka Kaliua, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100, na kipande cha reli ya zamani kati ya Gulwe na Kilosa kimekuwa kikikatwa na mafuriko mara kwa mara. Treni ya Mpanda pia haiondoki kila siku, ratiba iulizwe stesheni kabla ya barua ya miadi kutumwa. Njia nyingine ni basi kupitia Inyonga, Sikonge na Tabora hadi Dodoma, kisha treni ya umeme, inayobeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam tangu Julai 2024. Kwa vyovyote, siku ya kufika isiwe siku ya ziara. Mtu aliyelala kwenye kiti usiku kucha hasomi maandishi ya kitako cha kombe.

Wanaopitia Tabora nawashauri wasimame Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye tembe walilokaa Livingstone na Stanley. Si mpira, lakini ni mazoezi mazuri ya jicho: uliza ni kipi cha zamani na kipi kimejengwa upya, kila kitu kilitoka kwa nani, na kipi kimewekwa stoo. Ni maswali yaleyale mtakayoyauliza Dar. Huko nako tengeni nusu siku kwa Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, yaliyofunguliwa mwaka 1940, mpate kipimo cha kulinganishia.

Mkiingia chumba cha maonyesho na kukuta giza kiasi, msidhani umeme umepungua. Mwanga hula rangi. Kwa nguo na karatasi wataalamu huweka kiwango cha takriban lux 50, mwanga hafifu ambao macho yanauzoea baada ya dakika chache. Jezi nyekundu iliyotundikwa dirishani miaka kumi hugeuka waridi, na hakuna dawa ya kuirudisha. Ndiyo sababu pia mnaombwa kuzima mwako wa kamera. Adui wa pili ni maji. Jangwani ipo kwenye bonde la Mto Msimbazi linalofurika, na eneo la Uwanja wa Kaunda wa Yanga limezama mara nyingi. Mtu wa makumbusho akipita pale jambo la kwanza analouliza ni kabati la kumbukumbu lipo ghorofa ya ngapi.

Adui wa Mpanda ni mchwa, unyevu wa masika na, nasema kwa uchungu, mashine ya kulaminishi. Picha ya kikosi ya mwaka 1980 ikishapitishwa kwenye plastiki ya moto imeungana na gundi, haitoki tena, na joto lile limeanza kuipika. Ikunjueni picha, muipige nakala kwa simu mchana karibu na dirisha, bila kioo juu yake, kisha muiweke kwenye bahasha ya karatasi ndani ya kitabu kikubwa, juu ya kabati badala ya sakafuni. Nyuma yake andikeni kwa penseli majina kutoka kushoto. Kalamu ya wino hupenya. Jezi ya zamani ifungwe kwenye kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila sabuni ya manukato, wala isifuliwe yenyewe: tope la uwanja uliokwisha kujengwa nyumba ni sehemu ya habari.

Dar es Salaam mpeleke nakala za picha na sauti za wazee. Vitu halisi vibaki kwa wenyewe mpaka klabu iseme kwa maandishi itavitunzaje. Kama mwenye jezi ameamua kweli kuitoa, hati ya makabidhiano iandikwe nakala mbili: kitu ni nini na kina kasoro gani, kimetoka kwa nani, anakitoa jumla au anakiazima kwa muda gani, na nani amekipokea, kwa jina, cheo na saini. Afisa akisema karatasi itafuata baadaye, jezi nayo ifuate baadaye.