Tone moja la mafuta ya breki linavyoweza kugharimu maisha

KILA msimu, wamiliki wa magari madogo ya kasi katika nchi mbalimbali hulipa ada na kuingia katika viwanja vya mbio ili kuyajaribu magari yao bila ya kuwa washindani rasmi. Ujerumani, barabara ya mbio ya Nürburgring Nordschleife, iliyofunguliwa mwaka 1927 na yenye urefu wa zaidi ya kilometa 20, hufunguliwa kwa madereva wa kawaida katika siku maalumu.

Katika siku hizo, kinachowarudisha wengi nyumbani mapema si injini, bali breki. Na miongoni mwa kasoro za breki, ile inayodharauliwa zaidi ni kuvuja kwa mafuta. Dereva huona kiwango kimepungua katika kikopo, huongeza kidogo, kisha huendelea na safari. Tabia hiyo ni hatari hata mjini. Uwanjani inaweza kuua.

Gari moja linalopendwa sana kwa shughuli hiyo ni Mazda MX-5, lililotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Ni jepesi, vipuri vyake ni rahisi kupatikana, na breki za matoleo yake ya awali ni za kawaida, yaani kalipa yenye pistoni moja katika kila gurudumu. Urahisi huo hulifanya liwe mfano mzuri wa kueleza tatizo hili.

Joto ndilo chanzo

Breki hufanya kazi kwa kugeuza mwendo kuwa joto. Gari lenye uzito wa kilo 1,100 linapopunguza mwendo kutoka kilometa 180 hadi 72 kwa saa, joto linalozaliwa linatosha kuchemsha zaidi ya lita 3 za maji zilizokuwa na ubaridi wa kawaida. Kazi hiyo hufanyika kwa sekunde nne hivi, na hurudiwa katika kila kona kali.

Sehemu ya joto hilo hupita kwenye pedi, ikaingia kwenye pistoni na kuifikia sili ya mpira inayoizunguka. Sili hiyo ina kazi mbili. Kwanza, huzuia mafuta yasitoke. Pili, hujipinda kidogo pistoni inaposukumwa, kisha hunyooka na kuirudisha nyuma dereva anapoachia pedali. Mpira ukichomwa mara nyingi hukakamaa na kupoteza uwezo huo. Hapo ndipo tone la kwanza hutokea.

Joto huyaathiri pia mafuta yenyewe. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 205 za Selsiasi, na ya DOT 4 chini ya 230. Lakini mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani. Yakishanyonya maji, kiwango cha chini kinachoruhusiwa ni nyuzi 140 kwa DOT 3 na 155 kwa DOT 4. Yanapochemka hutoa mvuke, na kwa kuwa mvuke hubanika, pedali huzama hadi chini bila gari kusimama. Maji hayo pia huleta kutu ndani ya kalipa, na kutu hukwaruza sili.

Kutafuta linapotoka

Si kila kupungua kwa mafuta ni uvujaji. Pedi zinapolika, pistoni husogea nje na mafuta hujaza nafasi iliyoachwa, hivyo kiwango katika kikopo hushuka polepole. Lakini kiwango kikishuka ilhali pedi bado ni nene, au kikishuka baada ya siku moja tu ya mbio, lazima chanzo kitafutwe.

Njia rahisi ni kusafisha kila kiungo kwa dawa ya kusafishia breki, kukausha, kisha kufunga karatasi nyeupe kuzunguka kalipa, viungo vya mabomba na masta silinda. Mtu mmoja hukanyaga pedali kwa nguvu kwa muda wa dakika moja, na karatasi yenye unyevu humwonesha fundi pa kuanzia. Kama kuna shaka iwapo ni mafuta ya breki au ya injini, tone hilo litiwe katika maji: ya breki huchanganyika nayo, ya injini huelea juu.

Sehemu za kukaguliwa ni tano: sili za pistoni, washa za shaba katika boliti inayounganisha mpira wa breki na kalipa, mpira wenyewe, hasa pale unapogusana na tairi usukani unapokatwa, nipo ya kutolea upepo, na masta silinda. Hii ya mwisho ni yenye hila, kwani inaweza kuvujia ndani ya hidrovaki bila kuacha tone chini. Dalili ya sili zake kuchoka ni pedali inayozama taratibu mguu ukiwa juu yake.

Kutengeneza

Gari huinuliwa na kuwekwa juu ya stendi imara, kamwe si juu ya jeki pekee. Kama kosa ni washa za shaba, kukaza boliti zaidi si tiba. Washa hubanwa mara moja tu; kila kiungo kinapofunguliwa huwekwa mpya, na boliti hukazwa kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Vivyo hivyo kwa nipo: anayeikaza kupita kiasi huharibu makalio yake au huikata ikabaki ndani.

Kama kosa ni sili, kalipa hufunguliwa. Pistoni ya mbele hutolewa kwa upepo kidogo wa kompresa, ubao ukiwa mbele yake na vidole vikiwa mbali, kwa sababu huruka kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Kalipa za nyuma za MX-5 za awali zimebeba mtambo wa breki ya mkono, hivyo pistoni husogezwa kwa kuzungusha skrubu ya marekebisho iliyo nyuma ya kalipa.

Hapa ndipo fundi hufanya uamuzi mkubwa. Pistoni na tundu lake hukaguliwa kwenye mwanga. Madoa mepesi husafishika, lakini vishimo vya kutu mahali sili inapogusa maana yake ni kwamba sili mpya nayo itavuja. Pistoni yenye vishimo hubadilishwa. Kalipa iliyoliwa na kutu hutupwa.

Usafishaji hufanywa kwa dawa ya breki au mafuta mapya ya breki. Petroli, mafuta ya taa na grisi ya kawaida ni marufuku, kwa sababu huvimbisha mpira wa sili. Sili mpya hupakwa mafuta safi ya breki kabla ya kuingizwa. Pedi zilizolowa mafuta hazioshwi zikatumika tena, bali hununuliwa mpya.

Kutoa upepo na kujaribu

Kosa la kawaida wakati wa kufunga ni kubadilisha kalipa ya kulia na ya kushoto. Nipo inapaswa kuwa juu. Ikielekea chini, upepo hubaki ndani hata mafuta yapitishwe kwa siku nzima. Kikopo nacho kisiachwe kikauke wakati kazi ikiendelea.

Mafuta yanayojazwa yatoke katika chupa ambayo haikuwa wazi. Kwa mbio, DOT 4 ya kiwango cha juu au DOT 5.1 ndiyo inayofaa. DOT 5, licha ya jina kufanana, ni ya silikoni na haichanganywi na hizo. Yakimwagikia rangi ya gari, yaoshwe mara moja kwa maji mengi.

Baada ya hapo pedali hukanyagwa kwa nguvu injini ikiwa inanguruma. Isizame, na karatasi nyeupe ibaki kavu. Gari hujaribiwa kwa mwendo mdogo, kisha huingizwa uwanjani kwa mizunguko michache na kukaguliwa tena likishapoa, kwani kiungo kinachoshika kikiwa baridi kinaweza kuachia kikipata moto.

Kanuni hizi si za wanaspoti peke yao. Gari dogo lililobeba familia likiteremka mlima wa Kitonga mkoani Iringa hutegemea sili zilezile, mafuta yaleyale na washa zilezile za shaba. Tofauti ni kwamba uwanja wa mbio hufichua uzembe katika mchana mmoja, ilhali barabara ya kawaida inaweza kusubiri miaka kabla ya kudai deni lake.