MGENI ASIYEAGA

Katika miaka ya 1930 madaktari wa Ulaya, Marekani na Japani walitumia dawa iliyoitwa Thorotrast. Mgonjwa alidungwa dawa hiyo ili mishipa yake ya damu ionekane wazi katika picha ya eksirei. Picha zilikuwa safi, na waliotibu waliridhika. Lakini ndani ya dawa mlikuwamo chembe ndogo mno za thoriamu, madini yenye kutoa mionzi. Chembe hizo hazikutoka mwilini. Zilijikusanya katika ini na wengu, zikakaa humo maisha yote, na baada ya miaka mingi baadhi ya wagonjwa wakapatwa na saratani ya ini. Majuto ni mjukuu.

Twaikumbusha habari hiyo kwa kuwa leo viwanda vingi vyatengeneza na kutumia chembe zipimwazo kwa nanomita, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Zimo katika rangi, dawa na vipodozi. Swali ni lile lile: mgeni huyu akiisha kuingia mwilini hulala wapi, na huondoka lini?

Njia ya kumfuata ipo. Wataalamu huzitia chembe alama ya mwanga au ya mionzi hafifu, wakamdunga panya, kisha wakamtazama kwa mashine angali hai. Panya yule yule hutazamwa leo, kesho na juma lijalo, bila kupasua wengine kila siku. Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba chembe zing'aazo zisizozidi nanomita 5.5, pamoja na ganda lake, huchujwa na figo zikatoka upesi kwa mkojo. Zilizo kubwa zaidi hubaki. Mwaka 2008 majaribio ya Uingereza yalionyesha kwamba nyuzi ndefu za kaboni, zikitiwa katika tumbo la panya, huleta uvimbe na makovu kama asbesto.

Ni kweli kwamba panya si mtu, na lisilomdhuru yeye laweza kutudhuru sisi. Lakini hiyo si sababu ya kuacha kupima. Ni sababu ya kupima zaidi. Avutaye vumbi kwanza ni mfanyakazi, wala si mwenye kiwanda. Kwa hiyo twasema wazi: njia ya chembe ifuatwe kabla gunia halijafunguliwa, na majibu asomewe yule atakayelifungua.