Mwanao Akikufungulia Moyo: Kweli au Uongo?

Kauli hizi zinasikika kwa Waswahili wa Blacktown, Sydney, baada ya ibada na kwenye sherehe zetu. Zinamfikia pia kijana aliyejiinamia na simu pembeni, mwenye siri ambayo hajamwambia mtu. Kwa ajili yake, tuzipime.

"Kuvutiwa na jinsia yako ni mambo ya Wazungu, kayaokota shuleni." Uongo. Wanaovutiwa hivyo wako Mombasa, wako Bukavu. Februari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kuwa chama cha kutetea haki zao kina haki ya kusajiliwa, na waliokipigania ni Wakenya.

"Ni ugonjwa." Uongo. Shirika la Afya Duniani lilifuta kuvutiwa huko kwenye orodha ya maradhi mwaka 1990.

"Akemewe pepo, au arudishwe Afrika akanyooshwe." Hapa ndipo watoto wetu wanapoumia zaidi. Tangu tarehe 4 Aprili 2025, sheria ya jimbo letu la New South Wales inapiga marufuku vitendo vya kumbadilisha mtu hisia zake, na kumtoa nje ya jimbo ili akafanyiwe hayo ni kosa. Kumwombea mwanao na kumfundisha dini yako hakujakatazwa, mradi lengo si kumbadilisha hisia hizo. Lakini kijana anayeambiwa wiki baada ya wiki kwamba ndani yake mna uchafu habadiliki, anajifunza kujichukia.

"Blacktown nzima inawapinga." Si kweli. Kwenye kura ya maoni ya 2017 kuhusu ndoa za jinsia moja, jimbo la uchaguzi la Chifley, lenye sehemu kubwa ya Blacktown, lilikataa kwa asilimia 58.7, ilhali Australia nzima ilikubali kwa 61.6. Upinzani upo, tusiufiche. Ila wanne katika kila kumi waliopiga kura Chifley walisema ndiyo, nao ni majirani zetu.

"Ukimkubali utamharibu." Uongo mtupu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2009 ulikuta kwamba vijana wanaovutiwa na jinsia yao waliokataliwa vikali na familia zao walikuwa na uwezekano mara nane zaidi wa kuripoti kuwa waliwahi kujaribu kujiua, kuliko wale ambao hawakukataliwa au walikataliwa kidogo tu. Mama, baba, hulazimiki kuwa na majibu yote usiku huohuo. Mwambie, "Wewe ni mwanangu, hapa ni kwenu." Asubuhi mpe chai yake kama jana, na akitaka kuongea, msikilize bila kumkatiza.

"Msaada uko mjini tu." Uongo. headspace ya Mount Druitt, kituo cha afya ya akili, inapokea vijana wa miaka 12 hadi 25. Simu ya msaada ya QLife, 1800 184 527, inapokelewa kila siku kuanzia saa tisa alasiri hadi usiku. Kids Helpline, 1800 55 1800, saa zote. Maisha yakiwa hatarini, piga 000. Mzazi ambaye Kiingereza kinamtatiza anaweza kupiga 131 450, akaomba mkalimani wa Kiswahili na kuunganishwa.